Hedifoni Mbili na Wimbo wa Beleshi

Mumbua, mwaitu, mama yangu mdogo,

Umeenda kumuaga susu, bibi yako, ng'ambo ya bonde, na najua hatakuachilia mapema. Atakutemea mate ya baraka kifuani, atakulisha muthokoi wa mahindi na maharagwe mpaka ushindwe kusimama, halafu ukisema unaondoka ataanza kulia upya. Kwa hiyo nina alasiri nzima na meza nzima, na nyumba imenyamaza vile itakavyonyamaza kuanzia kesho. Nimejaribu kuizoea mapema. Sijaipenda hata kidogo.

Mambo ya sabuni, blanketi na kuangalia mfuko wako Nairobi sitayaandika. Hayo umeshayasikia kutoka kwa kila mama wa kanisa letu, na nusu yao Nairobi wanaijua kwa kusimuliwa tu. Mimi nataka kukuandikia juu ya hedifoni. Usicheke. Barua ya chuo ilisema kila mwanafunzi wa muziki aje na zake, kwa sababu kuna chumba cha kusikilizia, mnaketi humo kila mtu na kaseti yake, mnasikiliza muziki wa okestra wa Wazungu wa zamani. Ule ule ambao mama yako aliuita kelele za watu walioshiba. Tangu barua hiyo ije unaniuliza, "Baba, utanipa zipi?" na mimi kila mara najifanya natafuta miwani.

Ziko mbili na unazijua. Kuna zile nzito nyeusi zinazofunika sikio lote, na kuna zile nyepesi za sponji. Nimeziweka zote hapa mbele yangu. Kama jambo lingekuwa ni hedifoni tu, ningekuwa nimeshachagua na kwenda kulisha kuku. Lakini nikikupa za sponji najua kitu utakachosikia nazo, na kitu hicho kinaweza kukunyang'anya wimbo wa mama yako. Hilo ndilo linaloniogopesha. Nikueleze, ila lazima nianzie mbali kidogo. Mimi ni mwalimu, na mwalimu hajui kufika mahali bila kuzunguka.

Miaka ya sitini nilikuwa kijana mwembamba mwenye suruali moja ya maana. Mzungu wa misheni aliyekuwa akifundisha kwaya alirudi kwao, akanikabidhi kwaya pamoja na sanduku la karatasi za solfa lililokaa chini kwenye stoo ya kanisa. Wewe unaijua sakafu ya udongo na mchwa wa hapa kwetu Kalamba. Nilipofungua nikakuta nusu ya sanduku ni vumbi. Karatasi moja ilikuwa imeliwa kichwa chote: jina la wimbo, jina la aliyeutunga, maneno, hata ile alama ya kuonyesha kama unaimbwa upesi au polepole. Zilibaki do, re, mi za sauti nne, basi. Nikazisoma kimyakimya nikiwa nimechuchumaa pale, na vinyweleo vya mikono vikanisimama. Niliupenda kabla sijajua ni wimbo wa nini.

Nikautungia maneno ya Kikamba, tukaanza kuufanyia mazoezi vipande vipande. Hatukuwa tumeamua mwendo wake. Kabla hatujaamua akafa mzee mmoja wa kanisa, na mazishi ya kwetu unayajua mwenyewe: kwaya haiondoki kaburini mpaka udongo wote urudi. Wanaume wanapokezana beleshi na sisi tunaimba mpaka beleshi la mwisho. Ilikuwa kiangazi, udongo ni mawe matupu, na nyimbo tulizozijua ziliisha kaburi likiwa halijafika nusu. Ukimya ukaingia. Kulikuwa na mlio wa mawe kugonga sanduku, na mjane akawa anausikia wote. Nikawanong'onezea wenzangu, "Ule mpya." Kwa kuwa sikuwa na alama ya kunionyesha mwendo, nikalitazama beleshi. Likiinuka nainua mkono, likimwaga naushusha. Wimbo ukaenda hivyo, mzito, wa pumzi ndefu, na watu waliokuwa wamemaliza machozi yao wakaanza tena.

Hapo ndipo ulipopata mwendo wake. Tangu siku hiyo hakuna mtu wetu aliyefukiwa bila huo wimbo, na kwaya za mpaka kule Emali zilikuja kujifunza kwetu. Jina hatukuupa. Watu waliuita wimbo wa beleshi na likabaki hilo.

Haya, sasa hedifoni.

Nilipooa nilikuwa na redio, na Jumapili baada ya ibada kulikuwa na kipindi cha okestra. Wacha nikwambie, hakuna adui wa okestra kama boma la Mkamba siku ya Jumapili. Violini ikianza kunong'ona, jogoo anawika. Ikinyamaza ili ianze tena, ndipo mama yako na wenzake wa mwethya, wale waliokuwa wakichimbiana mitaro ya mashamba, wanaangua kicheko jikoni. Nikaenda kwa fundi wa redio pale Emali, akanifungia kipande cha simu ya zamani, cha sikio moja. Muda mrefu nikawa mtu wa nusu, sikio moja liko kwa Wazungu na jingine liko kwa kuku. Nilichovuna ni kidonda nyuma ya sikio.

Ndipo siku moja, mfanyabiashara mmoja pale pale Emali, aliyekuwa akishusha vitu kuukuu kutoka kwenye malori ya Mombasa, akanionyesha hizi nyeusi. Ai, zilikuwa zimeng'aa! Akanivisha, akafungulia rumba. Gita la bezi likanipiga mpaka tumboni. Dunia yote ikafungwa nje: malori, makondakta, hata yeye mwenyewe nikamwona anachezesha mdomo tu. Nikasema hapa nimefika. Nikarudi nyumbani, nikamchukua mbuzi mmoja, nikampelekea muuzaji. Mbuzi huyo alikuwa wa mama yako na sikumwuliza.

Jumapili ilipofika nikazivaa, nikakaa kama bwana mkubwa, nikangoja okestra. Loo! Ilikuwa ni kama wamefungiwa ndani ya pipa. Ngoma zimevimba, violini zimefunikwa blanketi, zumari huisikii ila unaihisi mahali fulani kwa mbali, kama mtu anayekuita ukiwa usingizini. Nilikasirika mpaka nikataka kuzirudisha, lakini mbuzi alikuwa ameshaliwa. Kosa lilikuwa langu. Nilizichagua kwa muziki wa mtu mwingine, mahali pa kelele, muuzaji akiwa ananiharakisha, na nikavutiwa na kile kilichokuwa kikubwa.

Kwa hiyo ukija kununua zako siku moja, na utanunua, nenda na kaseti yako mwenyewe, wimbo unaoujua mpaka unajua mwimbaji anapovuta pumzi wapi. Usianzie pale wote wanapopiga pamoja. Kupiga kelele kila kitu kinaweza, hata debe. Tafuta pale ambapo kuna mtu mmoja tu anapiga, pole sana, na usikilize kama unamsikia akivuta hewa kabla ya kuanza. Kama humsikii, zivue, mshukuru muuzaji, uondoke. Na uzivae mpaka masikio yapate joto, kwa sababu kitu kinaweza kukukaa vizuri kwa wimbo mmoja na kukuumiza kwa maisha yote. Hapa sisemi hedifoni peke yake, na nadhani umeelewa, basi tuendelee.

Mama yako alinisamehe mbuzi kwa njia yake, yaani hakunisamehe bali alipata kitu cha kunichekea. Akinikuta nimezivaa, anainua upande mmoja na kuuliza, "Baba Mumbua, mbuzi wangu anaimba sauti ya ngapi leo?" Ama ananizunguka akisema nafanana na fahali aliyefungwa nira akasahauliwa shambani. Ulikuwa ukicheka mpaka unaanguka. Mimi nilikuwa najifanya nimekasirika, na nilikuwa nafurahi. Sikuwahi kumwambia kwamba nilikuwa nafurahi.

Baadaye nilizizoea. Hilo ndilo baya la kitu kisichokufaa, kwamba utakizoea. Nikaanza kuzivaa hata siku za kazi, jioni, nikitoka shuleni nimechoka na watoto. Mama yako akitaka kuniambia kitu ananigusa bega, navua, ananiambia, navaa tena. Polepole akaacha kunigusa bega kwa mambo madogo. Halafu akaacha hata kwa makubwa. Na zile hedifoni zilikuwa zimefunga vizuri mno, mwaitu. Katika hilo muuzaji hakunidanganya.

Alipolazwa mara ya mwisho nilikaa naye, na akawa ananichekesha, unamjua. Akasema, "Zile hedifoni zako nilikuwa nazishukuru. Ukishazivaa tu, mimi napata nafasi ya kukohoa vizuri bila kukusumbua." Alisema akitabasamu. Hakuwa ananilaumu. Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji. Alikuwa akikohoa kwa muda gani? Chumba hicho hicho, kiti changu na kitanda chake, na mimi nikisikiliza watu waliokufa zamani. Hilo halina dawa na silitafutii.

Tulimzika pale chini ya mtaro wa pili, alipopenda kukaa akichambua mbaazi. Sikutaka kuongoza. Wazee walisema mtu mwingine aongoze, lakini nani? Nikasimama. Wewe ulikuwa na sweta ya shule, mdogo, umejipenyeza katikati ya wamama wa sauti ya kwanza, na ulipoanza kuimba niliisikia sauti yako juu ya zote, nyembamba na imenyooka. Beleshi likapanda, mkono ukapanda. Nilimaliza wimbo ule sijui vipi. Usiku ule kabla ya kulala ulinijia ukaniambia, "Baba, huo wimbo ni kama ulitungiwa mama." Nikakujibu, "Ndiyo." Nilikuwa naamini.

Tangu wakati huo umekuwa wako. Unauimba ukifua, ukichota maji, ukichagua mawe kwenye pojo. Wakati mwingine nilikuwa nakaa nje kwa makusudi, nisiingie, ili usikatize. Ndani ya nyumba hii mama yako amebaki katika vitu viwili tu, kikombe chake cha bati na wimbo huo.

Sasa nimefika. Mutiso, yule aliyekuwa akiimba sauti ya tatu kabla ya kwenda kufanya kazi Nairobi, alikuja Krismasi moja na zawadi: kile kimashine kidogo cha kaseti, hizi hedifoni za sponji, na kaseti ya okestra. "Mwalimu, hizi utazipenda," akasema, "hazikuzibi." Kweli hazizibi. Ndio uzuri wake, na wengine wanasema ndio ubaya. Sponji linapitisha. Unasikia violini mbele, na nyuma yake unasikia jogoo, mlango, mtu akikohoa. Nilipogundua hivyo nilizivaa siku nzima na sikugusa tena zile nyeusi. Sauti yenyewe nayo ilikuwa safi, imekaa mbali kidogo na uso, kila mtu mahali pake. Kwa okestra, chagua zinazopitisha hewa. Bezi itapungua kidogo, usijali, utapata nafasi ya kupumua pamoja nao.

Jumapili iliyofuata nikaiweka ile kaseti. Ulikuwa umekaa pale mlangoni na ungo wa mbaazi. Nyimbo zikapita, nzuri, nikiwa nimefumba macho. Halafu ukaanza mmoja upesi upesi, wa kurukaruka, violini zinakimbizana, tarumbeta zinacheka. Nikatikisa mguu. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilitikisa mguu. Ndipo watu wakaingia kuimba, na nikazijua zile noti. Do, re, mi zote, sauti zote nne, hakuna hata moja iliyobadilika. Ni wimbo wetu. Nilihisi ni kama mtu ameingia kwangu amevaa nguo za mama yako, anacheza.

Nilichukua karatasi ya kaseti nikasoma kile kichwa ambacho mchwa walinilia. Ni muziki wa harusi. Uliandikwa watu wacheze, wanywe, wamsindikize bibi harusi. Na sisi tumefukia nao kanisa zima!

Na kwa kuwa hedifoni zilikuwa za sponji, mwaitu, nilisikia na kitu kingine. Wewe hapo mlangoni ulikuwa ukiuimba. Ule ule, kwa mwendo wetu. Masikioni mwangu unakimbia na watu wanacheka, na nyuma yake unakuja wako, polepole, beleshi kwa beleshi. Kama ningekuwa na zile nyeusi nisingekusikia. Nilizima mashine. Ukageuka ukauliza, "Betri zimeisha?" Nikasema ndiyo, mawe yameisha. Nikairudisha kaseti mwanzo, nikaitia ndani ya kopo la kakao juu ya kabati, na sijaligusa kopo lile tena.

Hofu yangu sasa umeielewa. Katika chumba kile chuoni, siku moja mwalimu atawawekea huo wimbo. Watoto wa Nairobi wanaujua tangu wakiwa wadogo. Watakuwa wakitikisa miguu. Na wewe utakaa pale, peke yako, utajua kwamba mama yako alizikwa kwa ngoma ya harusi kwa sababu baba yako hakuwa na kichwa cha karatasi na hakuwa na akili ya kuuliza. Utajihisi mjinga. Halafu utajihisi mjinga kwa niaba yake, na hilo ndilo baya zaidi. Utarudi likizo, utafua nguo, na hutauimba. Basi, na mama yako atakuwa ametoka nyumbani humu, kibaki kikombe tu.

Ndiyo maana nilifikiri nikupe nyeusi. Niseme ukweli wa aibu: nilifikiri ukiwa na zile za pipa, labda hata hutautambua. Huyu ndiye baba uliyenaye.

Na mimi mwenyewe nimeharibika. Tangu niusikie upesi haunitoki. Unakumbuka tulipomzika mzee Nzioka juzi juzi? Nilianza vizuri, halafu mkono ukaanza kunikimbia. Sikutaka, ulikimbia wenyewe. Sauti ya nne wakanifuata, ya tatu wakanifuata. Wewe ulikataa. Ulinitazama machoni na ukaendelea kuvuta polepole, na wamama wote wa sauti ya kwanza wakashikamana na wewe, mpaka kwaya yote ikarudi, na mkono wangu ukarudi nayo kama mtoto aliyeshikwa. Nilikasirika. Tulipofika nyumbani nikakuuliza kama siku hizi humtazami mwongozaji. Ukanimiminia chai, ukasema, "Beleshi zilikuwa bado, baba." Nikadhani ni ukaidi wa ujana.

Sasa nimeamua. Nitakupa za sponji, pamoja na kaseti yenyewe, na barua hii juu yake, ili ukiusikia uwe umeusikia kwanza kutoka kwangu, siyo kwa mtu anayetikisa mguu. Ukiuchukia, uchukie nikiwa nimekuambia. Ngoja niiteremshe kutoka juu ya kabati.

Nimerudi. Chai imepoa na sijainywa.

Kopo halikuwa na vumbi. Vyombo vingine vyote juu ya kabati vimekaa na vumbi la kiangazi, kopo ni safi. Nikafungua. Kaseti niliirudisha mwanzo mimi mwenyewe, na mimi ni mtu wa kukumbuka mambo kama hayo, lakini utepe uko katikati. Nikaitia kwenye mashine nikabonyeza. Ikanipa mwisho wa wimbo wetu, zile tarumbeta za kufunga, halafu kimya, halafu wimbo unaofuata. Mtu aliusikiliza mpaka mwisho akazima.

Nikazivaa vizuri ili nihakikishe, na zikanibana.

Huwa zinanibana, Mumbua. Nilishakulalamikia. Kila Jumapili navuta ukanda uniingie kichwani, na Jumapili inayofuata nakuta umerudi mdogo, umenibana juu ya masikio. Nikalaumu plastiki. Nikalaumu jua la Kalamba. Hata nilifikiri kichwa kinavimba kwa uzee, na ulicheka sana niliposema hivyo, ukaniambia nipunguze chumvi. Leo nimekaa hapa nazo mkononi nikautazama ule ukanda, umesogezwa mpaka kwenye kichwa cha msichana. Mwalimu mzima, miaka yote hii nasahihisha vitabu vya watu, nikashindwa kusoma hilo.

Basi ulijua. Sijui tangu lini, na sikuulizi. Ulikuwa unaujua upesi wake, harusi yake, tarumbeta zake, siku ile kaburini kwa mzee Nzioka uliponikatalia. Ulijua, na bado ukauvuta polepole, ukaturudisha sisi wote, hata mimi. Na ulinificha kwa sababu uliogopa nitaona aibu. Sisi wawili tumekuwa tukitembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba moja ili mmoja asimwamshe mwenzake, na wote tuko macho.

Nimelia. Nakuandikia hivyo kwa sababu mama yako hakupata kuniona nikilia na alikuwa na haki ya kuniona. Nyumba hii itakuwa mbaya bila wewe. Sitakudanganya kwamba nitazoea, maana nimeshakueleza juu ya kuzoea. Nikifa nikiwa mbali na wewe, watakuita, na utakuja. Waambie wenye beleshi wasikimbie.

Nasikia mbwa anabweka kwa furaha pale chini, kwa hiyo ni wewe unapanda, na nadhani umebeba kuku wa susu. Nafunga haraka. Nyeusi zitabaki hapa nami, nitazitundika tu ukutani kwa sababu ya mbuzi. Nimekufungashia zile za sponji ndani ya sweta yako, juu kabisa ya sanduku, na kaseti pembeni. Ukanda sijaugusa.

Ni mimi baba yako, hapa mezani.